Simu ya Kaunta ya Kwanza

Dukani walimwita Taratibu, na jina hilo alipewa na wateja kabla ya wenzake. Alikuwa keshia wa kaunta ya kwanza, ile iliyo karibu na mlango. Ukimpa noti, aliigeuza, akaipapasa kwa kidole gumba, kisha akaiweka juu ya droo, si ndani, mpaka uwe umepokea chenji yako na kuridhika. Ndipo noti iingie ndani. Wenye haraka walikuwa wakihema kwa hasira nyuma ya foleni. Siku moja mzee mmoja akasema, "Dada, kwa taratibu hii nitatoka humu nimeota mvi nyingine," foleni nzima ikacheka, na jina likaganda hapo hapo.

Watu walidhani ni mwangalifu. Kumbe alikuwa mwoga tu. Tangu utotoni aliogopa mbwa, aliogopa radi, aliogopa watu wenye sauti nzito. Mumewe, fundi wa majokofu, alizoea kumtania kwamba siku moja atakimbia kivuli chake mwenyewe mpaka akipite. Lakini walikuwa na binti mwenye pumu, na ule mshahara wa kaunta ndio uliokuwa ukinunua dawa yake ya kuvuta. Kwa hiyo juu ya hofu zote alizozaliwa nazo, Taratibu alibeba nyingine moja ya ukubwani: hofu ya kufukuzwa kazi.

Hofu hiyo ilipata miguu siku alipofukuzwa Cheko.

Cheko alikuwa keshia wa kaunta ya pili, mwanamke wa kucheka mpaka ajifute machozi. Siku hiyo walimjia mtu na mkewe, wamevaa vizuri, wananukia. Walinunua mswaki mmoja wakatoa noti kubwa kabisa. Cheko akawahesabia chenji. Hapo hapo mke akaanza kuuliza bei ya nepi, na mume akasema, "Aa, kumbe ninayo ndogo, nirudishie ile kubwa. Au ngoja, chukua hizi, nipe ile, halafu hii iongeze hapa." Mke akauliza tena nepi. Mume akacheka, Cheko naye akacheka, pesa zikaenda na kurudi, na wakaagana kama ndugu. Jioni droo ikawa na pengo ambalo kicheko chochote kisingeweza kuliziba.

Msimamizi wa tawi, mama mwembamba asiyepandisha sauti, alimwambia Cheko maneno machache. "Ama umeibiwa, ama umeiba. Kwangu mimi hasara ni ileile." Cheko akatoka mlangoni na viatu vyake vya kazini ndani ya mfuko wa plastiki. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Taratibu alianza kuzitia maji siku hiyo hiyo.

Siku yake ya mapumziko alikwenda kumtembelea. Cheko alikuwa na chumba kimoja na meza moja. Baada ya salamu akakata boksi la majani ya chai vipande vipande, vikubwa na vidogo.

"Hizi pesa," akasema. "Wewe keshia, mimi mwizi. Kaa."

Wakacheza. Cheko alinunua kiberiti cha kufikirika, akatoa kipande kikubwa, akaomba kirudi, akatoa kidogo, akauliza habari za mtoto, akasifia mtandio, na Taratibu alipoangalia meza akakuta ameshaibiwa. Wakarudia, akaibiwa tena. Aliibiwa mpaka akaona aibu. Mwishowe akaweka kiganja juu ya vipande vyote na kusema, "Subiri kwanza. Tumalize hii, ndiyo tuanze hiyo nyingine."

Cheko akaegemea kiti. "Basi. Hapo mwizi hana kazi tena. Yule hana haja ya kisu, shoga yangu. Anakukimbiza tu. Atakusifu, atakufokea, atakupigisha soga, ili mradi usivute pumzi. Wala usidhani ni wa noti peke yake. Yuko wa kukuonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake, na kwako hakijaingia kitu. Yuko wa kubandika bei ya sufuria dogo kwenye sufuria kubwa. Wote ukoo mmoja. Na akitokea wa kukuambia usimwambie mtu, huyo mwambie kila mtu."

"Na nikiogopa?"

"Ogopa. Nani kakukataza? Lakini ogopa huku droo imefungwa."

Taratibu alirudi kwao na maneno hayo kama mtu aliyepewa dawa bila kuambiwa ataugua lini.

Miongoni mwa wateja wa siku zile alikuwapo mmoja ambaye makeshia walimpa jina la Mstaarabu. Mtu wa makamo, shati limepigwa pasi, kila baada ya siku chache anakuja kununua betri za redio. Hakuwahi kusukumana. Alisalimia kwanza, akanunua baadaye, na alikumbuka. Ukimwambia leo mtoto amekohoa usiku kucha, wiki ijayo atakuuliza kifua kimepoa? Alimuuliza Taratibu binti anasoma wapi, akasikitika kwamba shule iko ng'ambo ya barabara kubwa yenye malori. Aliuliza pia mbona yule dada mcheshi haonekani, akatikisa kichwa kwa huzuni alipoambiwa. Katika kazi ya kutupiwa pesa kama unatupiwa mifupa, mtu wa namna hiyo ni kama kivuli wakati wa jua.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, saa zile duka linasinzia. Msimamizi alikuwa amekwenda benki. Keshia mpya wa kaunta ya pili alikuwa nyuma akila. Mlangoni alikaa mlinzi, mwanajeshi mstaafu waliyemwita Afande, anasugua goti lake bovu. Ndani walikuwa wateja wachache: mama mjamzito anachagua sabuni, wasichana wawili wanabishana juu ya mafuta ya nywele, na wengine huko nyuma kwenye rafu. Redio ya duka ilikuwa ikiimba.

Simu ya mezani ikalia. Ilikuwa pale kaunta ya kwanza kwa ajili ya wenye kuleta bidhaa. Taratibu akainua mkono wa simu na kulitaja duka.

"Usikate simu," sauti ikasema. Ilikuwa nzito, ya chini, karibu na mnong'ono. "Nazungumza kutoka makao makuu, idara ya ukaguzi. Wewe ndiye keshia wa kaunta ya kwanza?"

"Ndiyo, mzee."

"Msimamizi wako yuko benki, sivyo?"

"Ndiyo."

"Sikiliza vizuri, mama. Katika droo yako kuna noti bandia. Nyingi. Anayeziingiza ni msimamizi wako, na polisi wako naye sasa hivi. Yule mwenzako mliyeambiwa kaibiwa, hakuibiwa. Alikuwa kundi moja na msimamizi. Sasa tunataka kujua kama na wewe umo."

Alitaka kusema simo, ulimi ukawa kama kipande cha kitambaa mdomoni.

"Mimi... mzee, mimi sijui chochote."

"Nataka kukuamini. Una mtoto mgonjwa, hujajiingiza katika mambo haya kwa kupenda. Lakini ukikata simu, ukimwita mtu, ukimnong'oneza hata mlinzi, nitaandika kwamba umo. Tumeelewana?"

"Ndiyo, mzee."

"Fungua droo. Toa noti kubwa zote, weka kwenye mfuko mweusi. Kijana wetu mwenye kofia ya bluu atakuja kuzichukua kwa uchunguzi. Fanya haraka, lakini usionekane una haraka."

Akafungua droo. Mtu akiwa nje ya hofu huona mambo wazi kama mchana, akajiuliza yule naye alikosa akili gani. Aliye ndani yake haoni. Taratibu aliona polisi mlangoni kwao, akaona binti anahema kitandani na kichupa cha dawa kitupu. Mkono wake mmoja ulishika simu, mwingine ukaanza kutia noti katika mfuko. Mtandio ukamteleza, akaurudisha.

"Acha kushikashika mtandio," sauti ikasema. "Nakuona kwenye kamera. Endelea."

Akainua macho kutazama kamera, kama mtoto anayemtazama mwalimu.

Kamera ilikuwa juu ya kaunta, pale pale ilipokuwa siku zote, imefungwa mfuko wa plastiki kwa kamba. Tangu paa lilipovuja ilikuwa hivyo. Haikuwa na waya hata mmoja. Afande alizoea kusema ile kamera imestaafu kabla yake.

Kwa kitambo Taratibu hakuelewa alichokuwa anakiona. Halafu akaelewa, na hofu yake, badala ya kupungua, ikageuka nyingine mbaya zaidi. Mtandio ulikuwa umeteleza kweli, naye alikuwa ameurudisha kweli. Kama kamera ni kipofu, basi huyu anamwona kwa macho yake.

Redioni likaanza tangazo la sabuni ya unga. Akalisikia kwa sikio la kulia, kutoka kwenye spika ya dukani. Akalisikia na kwa sikio la kushoto, hafifu, ndani ya simu, nyuma ya ile sauti.

Alikuwa humo humo.

"Mbona umesimama?" sauti ikauliza.

"Nafungua mfuko, mzee. Umeshikana."

Hakujua uongo ule umemtoka wapi. Akainamisha kichwa, akazungusha macho bila kuzungusha shingo. Mama mjamzito, sabuni mbili mkononi. Wasichana, bado wanabishana. Mwisho wa ujia, mbele ya friji la vinywaji, mwanamume amewapa wote mgongo, anachagua soda kama mtu mwenye siku nzima. Sikioni kulikuwa na waya mwembamba ulioshuka hadi mfuko wa shati. Kioo cha friji kilikuwa kinaurudisha uso wake.

"Fanya haraka, mama," sauti ikasema, na ndani ya kioo midomo ikachezacheza pamoja nayo.

Alikuwa Mstaarabu.

Taratibu akashikilia ukingo wa kaunta. Macho ya kioo yalikuwa yanamtazama yeye, si soda. Yote aliyoyasikia kwenye simu, la mtoto, la Cheko, la benki, ni yeye mwenyewe na wenzake waliompa, mdomo kwa mdomo, kila mara na betri zake. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini huyu walikuwa wamemfuma na nguo yenyewe.

Hapo akakumbuka meza ya Cheko. Hakukumbuka maneno yote. Alikumbuka kiganja juu ya vile vipande vya boksi. Akasukuma droo kwa tumbo. Ikafunga, ufunguo akauzungusha na kuuchomoa. Kisha akafungua mdomo. Sauti iliyotoka haikuwa ya shujaa. Ilikuwa imepasuka katikati kama ya kuku aliyekabwa, lakini ilikuwa kubwa.

"Unasema nitie pesa za duka kwenye mfuko," akasema, "nimpe mtu mwenye kofia ya bluu? Na nisimwambie mtu yeyote? Hata mlinzi?"

Ubishi wa mafuta ya nywele ukakatika. Mama mjamzito akageuka. Afande akasimama, goti na yote.

Simu ikakatwa. Wakati huo huo mlango ukasukumwa, akaingia kijana mwenye kofia ya bluu, anatabasamu, hana habari. Akakuta duka zima linamtazama. Akageuka kutoka, lakini Afande alikuwa ameshashika mkanda wa suruali yake, na mkono wa Afande, tofauti na goti lake, haukuwa umestaafu.

"Wewe kaa hapa kwanza," Afande akamwambia. "Tuambie umetumwa na nani."

Kelele zote zikaelekea mlangoni. Taratibu peke yake ndiye aliyekuwa akitazama friji. Akamwona Mstaarabu akirudisha soda mahali pake, akifunga mlango wa friji polepole usigonge. Akaja. Akapita kwenye ujia wa sabuni, akampisha mama mjamzito, akafika kaunta ya kwanza. Alisimama karibu kiasi cha Taratibu kunusa pasi kwenye shati lake.

"Msalimie mtoto," akasema, kwa sauti yake ya siku zote.

Akapita kando ya Afande, akatoka.

Taratibu alikuwa na kidole, lakini hakikuinuka. Alikuwa na ulimi, lakini ulikwama. Simu ilikuwa bado mkononi, inalia ule mlio wa laini iliyokatwa. Alipoweza kusema "ni yule," barabara ilikuwa imeshammeza mtu.

Msimamizi aliporudi alikuta polisi, kijana amekalishwa chini, na mfuko mweusi wenye noti chini ya kaunta.

"Hizi kazitoa nani kwenye droo?"

"Ni mimi," Taratibu akasema.

"Umezitoa mwenyewe? Kwa mkono wako?"

Ndiyo, alizitoa. Akaona viatu vyake mwenyewe ndani ya mfuko wa plastiki. Akajaribu kueleza, maneno yakamtoka vichwa chini miguu juu: kamera, sabuni ya unga, midomo, friji. Msimamizi alimtazama bila kupepesa. Ni mama mjamzito aliyeingilia kati, akiwa ameshakalishwa kwenye kreti la soda kwa sababu ya msukosuko.

"Mama, mimi nilikuwepo. Huyu dada alikuwa anatetemeka kama jani, na bado kasema kwa sauti kubwa. Ningekuwa mimi ningempa huyo mtu pesa, na hizi sabuni juu yake."

Noti zikahesabiwa. Hakikupungua kitu. Msimamizi akafunga mfuko, kisha akasema, "Nenda nyumbani. Kesho usije." Na alipoona uso wa Taratibu umebadilika rangi, akaongeza haraka, "Pumzika, namaanisha. Keshokutwa njoo."

Nyumbani hakukuwa na pumziko. Mumewe alicheka kwanza, kwa mazoea, kisha akasikia lile neno, msalimie mtoto, akaacha kucheka. Tangu asubuhi iliyofuata alikuwa hafungui karakana mpaka ampeleke binti shuleni kwa mkono na kumvusha ile barabara ya malori. Jirani akigonga mlango, Taratibu alisimama nyuma yake bila kuitika mpaka asikie jina. Simu ikilia popote, hata ya mtu mwingine, moyo ulimruka. Kilichomkera kuliko vyote ni kwamba aliendelea kukumbuka ule wema. Yule mtu alikuwa amemuuliza habari za kifua cha mtoto kwa upole ambao hata mawifi zake hawakuwa nao.

Kijana wa kofia alisema hamjui tajiri wake. Alipewa nauli na kuambiwa kuna kifurushi. Huenda alisema kweli. Dukani simu ya mezani ilihamishiwa ofisini, kamera ikafungwa waya, na msimamizi akawaita makeshia wote akawaambia kwamba hakuna mkubwa yeyote wa kampuni atakayewahi kuwaagiza kutoa pesa kwenye droo kwa simu, na atakayeambiwa hivyo akate, kisha yeye mwenyewe apige namba anayoijua. Hakumtaja Cheko. Lakini mwisho wa mwezi ule alimtuma Afande kwake na bahasha ya mshahara aliomkata kufidia lile pengo. Kazi hakumrudishia, na Cheko alisema hata angerudishiwa asingeitaka. Alikuwa ameanza kushona mapazia.

Miezi ikapita. Halafu polisi wakaita. Mtu mmoja alikamatwa katika duka la dawa mtaa wa mbali, simu sikioni, keshia upande wa pili analia. Walitaka Taratibu aje amtazame.

"Si lazima uende," mumewe akasema.

"Najua," akasema, na usiku ule hakulala.

Alikwenda na Cheko. Njia nzima Cheko aliongea juu ya mapazia, na mara hii hakucheka hata kidogo. Kituoni hapakuwa na kioo wala pazia la kumficha shahidi. Walikuwa wanaume kadhaa wamesimama ukutani, na Mstaarabu katikati yao, shati limekunjamana. Alipomwona, akainamisha kichwa kidogo.

"Hujambo, dada," akasema.

Alihisi mkojo unataka kumtoka, kama mtoto. Askari akamuuliza kama yumo. Taratibu akatazama sakafu, akatazama mlango, akatazama tena ule uso mpole uliokuwa ukimsubiri ashindwe.

"Yumo," akasema, na kidole, safari hii, kikainuka. "Huyu wa katikati. Alikuwa ananunua betri."

"Dada amenifananisha," Mstaarabu akamwambia askari kwa heshima. "Ni mambo ya kawaida."

"Una hakika, mama?"

"Nina hakika. Niulize mara nyingi utakavyo."

Askari akaandika. Nje, Taratibu alifika mpaka kwenye ngazi ya kituo, akatapika pembeni, kisha akakaa. Cheko akamshikia mtandio, akamwagia maji mikononi kutoka kwenye chupa. Walikaa pale mpaka rangi ikamrudi.

Mstaarabu alifungwa, baada ya makeshia wengine wanne kutoka maduka mengine kuja kumtambua. Siku ya hukumu Taratibu hakwenda. Alikuwa kaunta ya kwanza, zamu ya mchana, na foleni ilikuwa ndefu.